Chumvi pembeni imetoa maji, mavyaa asema ni jirani

Shikamoo Bi Somo,

Nakuandikia usiku huu mtoto akiwa kifuani kwangu, maana nikimlaza chali anakohoa. Mimi ni mama wa watoto wawili, tumepanga vyumba viwili na ukumbi mdogo hapa Ngamiani, Tanga. Tulihamia mwezi wa Machi, masika ndiyo yanaanza. Tangu tuingie, mambo hayajakaa sawa. Mume wangu amepunguziwa siku za kazi, huyu mdogo wa miezi minane kifua hakimwishi, na mimi mwenyewe nimekuwa mtu wa kichwa.

Mavyaa alikuja kutoka Pangani kunisaidia. Ni mama mwema, sitaki uone kwamba namsengenya. Ndiye aliyenikanda nilipojifungua. Alipofika alisimama kizingitini kidogo, akavuta pumzi, akasema: "Nyumba hii nzito." Tangu siku hiyo tunaisafisha. Kila Alhamisi baada ya Isha tunafukiza kwa mkaa, ubani na kipande cha mvuje. Mlango na madirisha tunafunga ili moshi usitoke mpaka umeshika kila pembe, halafu chetezo kinabaki chumbani tunamolala hadi asubuhi. Chumvi ya mawe tumeiweka kwenye visahani, pembe nne za kila chumba. Ijumaa tunadeki kwa maji ya chumvi, ndimu saba na jiki. Na mtoto kafungwa shingoni kifuko cha kaniki chenye mvuje na habasoda.

Siku ya tatu chumvi ikatoa maji. Si unyevunyevu, Bi Somo, maji kabisa, visahani vimejaa. Mavyaa akaniita nione kwa macho yangu, akasema hayo ni machozi ya husuda. Ndipo akaletwa mtaalamu. Akaomba beseni jeupe na maji safi, akamwaga unga wake, maji yakawa ya njano. Akasoma, akatia matone kutoka kwenye kichupa, na maji yakageuka mekundu palepale. Akasema hiyo ni damu ya hasidi, naye ni mwanamke mtu mzima, makazi yake upande wa machweo, na mkono wake haujawahi kuingia humu mtupu.

Upande wetu wa machweo anakaa bibi mmoja mpika vitumbua. Tulipohamia ndiye wa kwanza kuja kutupa pole ya kuhama, na tangu hapo mwanangu mkubwa hakosi kitumbua chake asubuhi. Sasa mavyaa haitikii salamu yake. Jumapili iliyopita alituletea sahani ya vitumbua, mavyaa akavimwaga jaani. Juzi nikamsikia binti yangu, ana miaka mitano, akiwaambia wenzake uani: "Bibi yule mchawi." Miguu iliniisha nguvu.

Mtaalamu keshachukua laki mbili. Anataka laki nne nyingine na kuku mweusi aje kuzindika nyumba. Kwenye kibubu nina laki tatu na nusu, ndani yake kuna kodi.

Mume wangu anasema yote haya ni shirki, nitupe chetezo na kila kitu. Hasemi na mama yake wiki ya pili hii. Mimi niko katikati. Na nikwambie kweli: harufu ya ubani naipenda. Bibi yangu alikuwa akifukiza, nami nikiisikia nalala usingizi wa utotoni. Nikitupa chetezo naona kama namtupa yeye. Halafu, kama hakuna husuda, mbona chumvi ilitoa maji? Mbona maji yaligeuka damu? Na mbona kila Ijumaa nikiamka kichwa kinanipasuka na tumbo linanichafuka, nikitoka uani napata nafuu, na siku nyingine za wiki si hivyo?

Mwenye Chetezo, Tanga

---

Marahaba mwanangu.

Naanza na swali lako la mwisho, maana hilo halingoji Alhamisi nyingine ifike. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na ubani hauipunguzi hata kidogo. Ukiivuta inakaa kwenye damu mahali pa hewa tunayoihitaji, na dalili zake ni hizo ulizoniandikia: kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, na nafuu ukitoka nje. Unaumwa Ijumaa asubuhi kwa sababu Alhamisi usiku mmelala na chetezo. Kuna watu waliolala na jiko la mkaa hivyo hivyo na hawakuamka. Tafadhali, mwanangu, kaa la moto lisilale tena chumbani mwenu, liwe la chetezo, liwe la jiko la kukinga baridi. Na mtoto hupumua haraka kuliko wewe, kwa hiyo wewe ukivuta kidogo yeye kavuta kingi.

Kesho asubuhi mpeleke zahanati na useme wazi habari ya moshi, usione haya. Usiku huu mhesabie pumzi akiwa ametulia, dakika nzima. Kwa mtoto wa miezi minane, pumzi 50 na zaidi kwa dakika ni haraka mno. Ukizifikisha hizo, au ukiona mbavu zinabonyea ndani anapovuta hewa, au anakataa ziwa, usingoje asubuhi.

Kifuko cha shingoni kifungue sasa hivi. Sisemi mvuje ni mbaya. Mimi mwenyewe nimefungwa mvuje utotoni, na utomvu huo unaotoka kwenye mizizi ya mimea ya Iran na Afghanistan, Wahindi wa mjini hapo hapo Tanga wanautia kwenye dengu kila siku. Tatizo ni uzi. Mtoto wa umri huo hubingirika na kuvuta kila kitu, na uzi wa shingoni unaweza kumkaba usingizini. Mavyaa akitaka mvuje ubaki ndani ya nyumba, utundikwe juu ya mlango ambako mkono wa mtoto haufiki.

Na maji ya deki. Chumvi na ndimu peke yake havina neno, tena ndimu inakata harufu na mafuta vizuri sana. Lakini jiki haichanganywi na ndimu wala siki. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, ile inayochoma macho na koo, na kifua cha mtoto hakiiwezi. Chagueni kimoja. Ikiwa Ijumaa ni ya ndimu, jiki ibaki chooni kwa siku yake.

Sasa tuje kwenye chumvi, maana naona ndiyo iliyokutisha. Chumvi hunywa maji ya hewani. Unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi, chumvi safi huanza kuyeyuka yenyewe ilipo, na hii ya mawe, ambayo haikusafishwa na ina magnesiamu ndani yake, huanza mapema zaidi. Tanga wakati wa masika, karibu na bahari, nyumba imefungwa usiku kucha: ingekuwa ajabu chumvi ikikaa kavu. Wachuuzi wa chumvi wanalijua hili, ndiyo maana magunia yao hayagusi sakafu. Usiniamini mimi, jaribu. Tia chumvi hiyo hiyo kwenye chupa ya glasi yenye kifuniko cha kukaza, iweke pembe ile ile kando ya kisahani. Siku ya tatu kisahani kitakuwa na maji na ya chupani itakuwa kavu. Husuda haizuiwi na kifuniko cha chupa.

Lakini usiicheke chumvi, na mavyaa wako usimcheke. Alisimama mlangoni akasema nyumba nzito, na nyumba yenu ni nzito kweli. Hewa yake ina maji mengi. Sogeza kitanda na kabati, tazama ukuta wa nyuma na pembe za chini. Ukikuta madoa meusi au kijani, na harufu ya nguo iliyokaa mvua, huo ni ukungu, na ukungu nao hukohoza watoto. Sugueni kwa sabuni, paachwe pakauke, kitanda kisibane ukuta, na mwenye nyumba aitwe aone bati linapovuja au maji yanapopanda kutoka msingini. Mama wa Pangani alijua kwa pua yake kitu ambacho wewe na mumeo mlikuwa mmekwisha kukizoea. Mwambie hivyo, kwa maneno hayo. Atafurahi, na itakuwa kweli.

Na ile "damu". Mwanangu, hujawahi kumwagikiwa mchuzi wa manjano kwenye kanga, ukaipaka sabuni ya mche, doa likageuka jekundu mikononi mwako? Ni kitu kile kile. Manjano, hii bizari ya jikoni, hubadilika rangi ikikutana na magadi, chokaa au sabuni. Sikuwapo, siwezi kukuapia kilichokuwemo kichupani mwake. Ila chukua beseni lako jeupe, tia maji na kijiko kimoja cha manjano, halafu mimina maji uliyoloweka magadi. Yatageuka mekundu kama ulivyoona. Kisha kamulia ndimu moja: yatarudi njano. Fanya hivyo mbele ya mavyaa, taratibu, bila ya kusema "umeona?" Mtu mzima akionyeshwa kwamba ametapeliwa humuumiza zaidi kuliko laki mbili zenyewe.

Laki nne usitoe. Hata nusu yake usitoe. Kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na kuna Baraza linalosajili waganga. Mwombe cheti chake, uone atakavyokujibu. Vitu walivyotufundisha bibi zetu vya kusafishia nyumba havikuwa na bei ya kodi ya watu: chumvi ya jikoni, ndimu ya mtini, kivumbasi cha kujiotea ambacho moshi wake hata mbu unamkimbiza, ubani wa kununua kidogo kidogo kwa karatasi. Mwanamke alifanya mwenyewe, kwa mkono wake, nyumbani kwake, na alipomaliza hakuwa amemchukia mtu. Hicho ndicho kipimo changu mimi. Nikisikia mtaalamu anataka fedha nyingi na anamwonyesha mtu kidole, najua tumeshaacha kusafisha, sasa tunachafua.

Chetezo usikitupe. Ubani ni utomvu wa mti unaochanjwa gome kule Somalia, Yemen na Dhofar ya Oman, na majahazi yameuleta pwani yetu tangu enzi ambazo hakuna kati yetu anayezikumbuka. Umefukiziwa nguo zako za harusi, watoto wamezaliwa humo, na sanda zetu hufukizwa hivyo hivyo. Wakatoliki wanaufukiza kanisani, Wahabeshi wanauwasha wakipika kahawa. Mumeo anaposema shirki, anaogopa moyo kuutegemea moshi badala ya Mola, na hofu hiyo ni ya haki, mheshimu kwayo. Lakini harufu nzuri nyumbani hakuna aliyeikataza, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipenda manukato. Waende yeye na mama yake kwa imamu wenu, wakae pamoja, wamuulize mbele ya wote wawili. Mimi si mwanachuoni. Naona tu kwamba Suratul Falaq inamtaja hasidi kwa jina lake na kutufundisha kujikinga kwa Mola naye, wala haituamuru kumtafuta nyumba kwa nyumba. Mumeo asome hiyo na Ayatul Kursiyyu siku ya kufukiza, kwa sauti, mama yake akiwa ameshika chetezo. Kila mmoja atakuwa na kazi yake, na huenda midomo ikafunguka.

Namna ya kufukiza nikupe kama nilivyoikuta kwetu, na nyongeza kwa ajili ya kifua cha mtoto. Ifanyike mchana, si usiku. Fagia kwanza, toa takataka zote, fungua mlango na kila dirisha. Mtoto atolewe nje kabisa, awe na mtu barazani au kwa jirani. Mkaa uwashiwe uani mpaka uwe mwekundu wote, usitie ubani kaa likiwa bado jeusi linafuka. Ubani punje tatu au nne zinatosha. Mvuje, kama hamna budi, uwe kiasi cha nusu ya njegere, nami kwa miezi hii ningeuacha kabisa. Anzia chumba cha ndani, zungusha pembe kwa pembe, toka nacho hadi ukumbini, umalizie mlango wa nje, kisha chetezo kikae uani mpaka kipoe chenyewe. Bibi yangu akifika mlangoni alikuwa akisema kwa sauti majina ya waliolala humo, mmoja mmoja, akiwaombea. Mtoto arudi ndani moshi umekwisha na imebaki harufu tu. Na mpaka kikohozi chake kipone, msifukize hata hivyo. Mavyaa mwambie hivi: "Mama, mtoto ana kifua, tumpumzishe na moshi mpaka apone, halafu tutafukiza mchana, wewe ndiye utakayeshika chetezo." Hakuna bibi atakayegombana na kifua cha mjukuu wake.

Chumvi pia muiweke mkipenda. Wakristo wanasoma kwamba nabii Elisha alitia chumvi kwenye chemchemi ya Yeriko maji yakapona. Hatuko peke yetu katika kuipenda. Ila visahani viwe juu, visiguse bati wala kitasa, maana hula chuma, na chumvi ya visahani isirudi jikoni. Ya kupikia inunuliwe ile yenye madini joto.

Nimeacha la bibi wa vitumbua mwisho kwa sababu ndilo lililoninyima usingizi mimi.

Binti yako kasema neno mbele ya watoto, na watoto watalipeleka kwao. Unajua neno hilo limefanya nini nchi hii. Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho yamekuwa mekundu kwa kupikia samadi na kuni maisha yao yote. Huyu wako anaamka alfajiri kupulizia kuni ili watu wale vitumbua. Moshi anaoumia nao yeye haujatofautiana sana na huo wa chumbani mwako. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, lakini sheria huja polisi wakishaitwa, na mimi nataka neno lizimwe kabla halijatoka uani.

Mkalishe binti yako leo, umwambie kwamba lile neno halikuwa kweli, kwamba wakubwa walikosea, na kwamba yeye hana kosa. Aseme vivyo hivyo kwa wale wenzake, nawe uwe umesimama nyuma yake. Usimtume peke yake.

Halafu nenda mwenyewe. Usiende kueleza yote. Sioni faida ya mwanamke mzima kujua alichosemwa na mpita njia mwenye kichupa. Mwambie nyumba ilikuwa na wagonjwa, mlijisahau, umekuja kumwamkia. Ukiweza mwombe ampakate mtoto kidogo, hapo hapo barazani kwake, watu wakiona. Mavyaa asipotaka kwenda siku hiyo, mwache. Akishaona manjano yakirudi njano kwa ndimu, atakwenda kwa miguu yake.

Na sahani yake. Umeniandikia kwamba vitumbua vilimwagwa, hukuniambia sahani imerudi. Bila shaka iko kabatini kwako hadi leo. Ioshe, na kwa desturi yetu hairudi tupu: tia maandazi, tia embe, tia chochote ulichonacho, uifunike kawa, uvuke nayo kesho ukitoka zahanati.

Bi Somo